Kemia ya mwaka wa kwanza chuo: kidato cha sita nilikuwa na B, testi ya kwanza nimepata 9 kati ya 30. Kosa liko wapi?

#1 Binti_Kilosa
Habari wakuu. Nipo mwaka wa kwanza, shahada ya sayansi na ualimu, chuo sikitaji. Kidato cha sita nilisoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na Kemia nikapata B, tena B ya jasho, sikubebwa na mtu. Juzi wamebandika matokeo ya testi ya kwanza ya Kemia ya utangulizi. 9/30. Nilifuata namba yangu ya usajili kwa kidole mara tatu nikidhani nimeruka mstari.

Kinachoniuma ni kwamba mada zilikuwa zile zile: muundo wa atomi, moli, gesi, asidi na besi. Hakuna hata moja niliyokuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Darasani tuko zaidi ya 400, na pale ubaoni wengi waliondoka kimya kama mimi. Rafiki yangu wa chumbani ana 6. Kuna kijana mmoja ana 27, na wala hakutoka shule ya vipaji maalum.

Naomba waliopita njia hii wanieleze. Kosa ni langu, ni la tulivyofundishwa, au kozi yenyewe ndivyo ilivyo? CA (maksi za muhula) ni 40, UE (mtihani wa mwisho) ni 60, bado kuna testi moja na maabara. Sitaki kusapu, yaani kurudia mtihani.

#2 Mzee_wa_Semina
Pole. Jibu ni neno moja: kukariri. Kidato cha sita mlipiga pasti pepa za miaka kumi mpaka swali mkaliona kwa mbali mkalijua. Chuo mhadhiri anatunga swali usiku wa kuamkia testi, halijawahi kuonekana popote. Aliyekariri anabaki analiangalia tu.

#3 Kaka_Tabora
Mkuu #2 umewahi kuhukumu. Mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, anaingia kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza, na hicho Kiingereza anafundishwa na mwalimu ambaye naye kinampa shida. Asipokariri afanye nini? Hata ukimuuliza moli ni nini, anakutolea sentensi ya kitabu neno kwa neno. Mwambie aeleze kwa Kiswahili, ananyamaza. Lugha ndiyo iliyozaa huo ukariri unaousema.

#4 Moli_Moja
Kabla hatujagombana, mleta uzi atuwekee swali moja au mawili aliyokosa. Tunamtibu mgonjwa ambaye hatujamwona.

#5 Binti_Kilosa
Asante #4. Haya mawili ndiyo yaliyoniuma zaidi.

La kwanza: tafuta pH (chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi) ya HCl yenye ukolezi wa 1.0 × 10⁻⁸ M katika 25 °C. Niliandika 8. Nimepewa sifuri, na mhadhiri amechora mstari mwekundu chini ya hiyo 8 mara mbili.

La pili: gramu 4 za hidrojeni zimechanganywa na gramu 16 za oksijeni zikawashwa. Maji yatakayopatikana ni gramu ngapi? Niliandika 36. Niliona hidrojeni ina gramu chache, nikajua ndiyo itakayoisha kwanza.

#6 Chapa_Mwendo
Dada, pH 8! Umemimina asidi kwenye maji safi, maji yakageuka besi. Ungegundua hilo na limau nalo lingekuwa sabuni 😂

#7 Mhandisi_Mtarajiwa
#6 acha kumtania mwenzako, hata mimi niliandika 8 mwaka wangu. Iko hivi: maji yenyewe yana H⁺, ioni inayopimwa na pH, ya 10⁻⁷. Ongeza ile 10⁻⁸ ya asidi, unapata 1.1 × 10⁻⁷. pH ni 6.96. Kwisha.

#8 Ticha_wa_Maabara
Umekaribia, lakini haijaisha. Ukiongeza asidi, hata kidogo namna gani, unayasukuma maji yapunguze kujigawa. Ni Le Chatelier yule yule, wa kanuni ya msawazo kupinga badiliko, mnayemtaja kila siku kwenye amonia, ila akija kwenye maji mnamsahau. Kwa hiyo maji hayatoi tena 10⁻⁷ kamili. Ita H⁺ yote x. Chaji lazima zilingane: x = 10⁻⁸ + 10⁻¹⁴/x. Inakuwa x² − 10⁻⁸x − 10⁻¹⁴ = 0. Fungua kwa kanuni ya kwadratiki, x ni 1.05 × 10⁻⁷, pH 6.98.

Binti, angalia swali lilichotaka. Fomula ya pH unaijua, na mhadhiri anajua unaijua. Alitaka kuona kama utashtuka jibu likitoka 8. Kushtuka huko ndiko kulikokuwa na maksi.

#9 Bi_Mkubwa_Tanga
Shikamoo ticha. Maelezo hayo ningeyapata mwaka wangu ningeokoka na mengi.

La pili acha nilijibu mimi, maana mume wangu anauza chipsi na nimelielewa pale pale bandani. Sahani moja ya zege (chipsi mayai) inataka mayai 2 na viazi 4. Una mayai 10 na viazi 40. Viazi ni vingi, lakini sahani zinatoka 5 tu, mayai yameisha. Viazi 20 vinabaki kwenye ndoo vinakuangalia. Hicho kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua.

#10 Moli_Moja
Mfano mzuri sana mama. Niongeze pale anapojikwaa kila mtu: viazi na mayai unahesabu kwa idadi, kemikali unapewa kwa uzito. Ni sawa na mtu kukuletea kilo za mayai na kilo za viazi akakuuliza sahani. Lazima kwanza urudi kwenye idadi, na kurudi huko ndiko kunakoitwa moli.

Gawanya gramu kwa uzito wa moli moja: hidrojeni gramu 4 ÷ 2 = moli 2. Oksijeni gramu 16 ÷ 32 = moli 0.5. Kila moli ya oksijeni inakula moli 2 za hidrojeni, kwa hiyo oksijeni inaisha ikiwa imekula moli 1 tu. Maji ni moli 1, gramu 18. Hidrojeni gramu 2 zinabaki. Kile kizito ndicho kilichoisha, chepesi kikabaki.

Halafu dada, umeingiza gramu 20 jumla, ukatoa maji gramu 36. Hizo 16 za ziada umezitoa wapi?

#11 Binti_Kilosa
#10 hiyo ya 20 kuwa 36 imenifanya niweke simu chini. Sikuiona kabisa. Nilikuwa naikimbilia fomula tu.

#12 Chapa_Mwendo
Zege ya mayai 2 na viazi 4 tu? Bi Mkubwa, huko Tanga mnapimia kwa kijiko.

#13 Bi_Mkubwa_Tanga
Njoo ule uone kama utamaliza. Turudi kwenye Kemia.

#14 Komredi_Eldoret
Jameni, salamu kutoka Kenya. Nawasikia mkisema kidato cha sita kimewaharibu. Sisi wa 8-4-4 hatukuwa na kidato cha sita. Nilifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nikakalia karatasi zote tatu za Kemia, nikaingia chuo moja kwa moja. Na bado mwaka wa kwanza darasa letu lilianguka vibaya. Mimi mwenyewe CAT (testi) ya kwanza nilikuwa na 11 kwa 30. Kwa hivyo mtu asiniambie kiini ni pasti pepa za kidato cha sita, maana sisi hatukuzionja.

#15 Mzee_wa_Semina
#14 pasti pepa za kidato cha nne huko kwenu hamkuzipiga?

#16 Komredi_Eldoret
Tulizipiga mpaka zikachanika, hilo nakubali. Lakini hata wale wa shule ambazo hazikuwa na pesa ya kununua pasti pepa walianguka nasi.

#17 Hesabu_Kwanza
Mnazunguka. Shida ni hesabu. Angalieni walioanguka: wengi ni PCB na CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), ambao hesabu yao ilikuwa BAM, ile hesabu ndogo ya nyongeza, na BAM wengi waliisoma wiki mbili kabla ya mtihani. Swali la pH lilihitaji logi na kwadratiki. Mtu anajua kabisa Le Chatelier anasema nini, ila akiona x² anafunga karatasi. Mimi ni PCM, wa hesabu kamili, Kemia ya utangulizi niliivuka kwa hesabu tu, atomi zenyewe nilikuja kuzielewa mwaka wa pili.

#18 Kaka_Tabora
#17 swali la maji lilihitaji kwadratiki gani? Kugawanya 16 kwa 32 ni darasa la sita.

#19 Hesabu_Kwanza
Kugawanya ni darasa la sita. Kujua ugawanye nini kwa nini, hiyo ndiyo hesabu.

#20 Mwana_wa_Historia
Mimi nilikuwa namlaumu Avogadro. Mtu anakaa chini anahesabu atomi mpaka anafika 6.02 × 10²³, anatuachia mzigo.

#21 Ticha_wa_Maabara
Unamsingizia marehemu. Amedeo Avogadro mwaka 1811 alisema tu kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Ni ngapi, hakuwahi kujua. Aliyekadiria kwanza ukubwa wa molekuli za hewa ni Loschmidt, 1865. Jina la "namba ya Avogadro" lilitolewa na Jean Perrin mwaka 1909, naye ndiye aliyepata Nobel ya Fizikia 1926.

Jingine, ambalo vitabu vingi vya mtaani havijalibadilisha: tangu tarehe 20 Mei 2019 moli haifafanuliwi tena kwa gramu 12 za kaboni-12. Sasa ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, imepangwa hivyo. Ukiulizwa maana ya moli chuo, andika hii.

#22 Nesi_Ughaibuni
Wapendwa, nipo Marekani, nilisoma Kemia ya utangulizi kwenye chuo cha miaka miwili nikielekea unesi. Kaka Tabora, kuhusu lugha: darasani kwetu wengi walizaliwa na Kiingereza mdomoni, na wiki ya sita viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Huku kozi hii wanaiita ya kuchuja. Wote wanaotaka udaktari, ufamasia na uhandisi wanapitishwa mlango mmoja, na mlango wameufanya mwembamba. Lugha peke yake haitoshi kueleza.

Kilichonisaidia ni kwamba kila wiki tulikuwa na kikundi cha maswali. Watu wanane, mwanafunzi wa juu mmoja anasimamia, jibu haruhusiwi kutoa. Tunabishana mpaka linatoka.

#23 Kaka_Tabora
Nesi nimekuelewa, na nakubali kozi ni ngumu kwa wote. Ila mwenzako anabeba mzigo mmoja, huyu wa Kilosa anabeba miwili, na saa ya mtihani ni ile ile. Nimefundisha sekondari miaka tisa. Nikieleza kinachoisha kwanza kwa Kiswahili, darasa zima linachangamka, mikono juu. Nikiandika swali lile lile kwa Kiingereza ubaoni, mikono inashuka. Nimeliona kwa macho yangu, sijasimuliwa.

#24 Dada_Ruvuma
Nimesoma uzi wote, nimeona na mimi niseme. Mimi nilidisko, niliondolewa chuo kwa kufeli. Mwaka wa kwanza nilibeba sapu tatu, Kemia ikiwemo, nikarudi Septemba nikafaulu moja. Nikarudi nyumbani na begi la bluu. Baba hakusema kitu, alilipokea tu begi akaliingiza ndani.

Mnaosema kukariri, hesabu, lugha, sawa. Mimi nawaambia kilichonipata. Bumu (pesa ya mkopo) lilichelewa, nilikuwa napanga geto mbali na chuo, naamka saa kumi alfajiri kuwahi mhadhara wa saa moja nipate kiti cha mbele, kwa sababu ukikaa nyuma ubao huuoni na sauti huisikii. Siku nilizokosa nauli sikwenda. Kozi hii ukikosa mhadhara wa moli, wa gesi huuelewi, na ukikosa wa gesi, thamodainamiki inakuwa giza. Haikungoji. Historia ungekopa daftari ukajisomea. Hii nilikopa daftari nikakuta namba tupu, maneno ya mwalimu hayamo.

Sasa nina diploma ya maabara, nimeajiriwa. Titresheni, kupima asidi kwa besi tone kwa tone, nafanya kila wiki.

#25 Binti_Kilosa
Dada Ruvuma, asante kwa kusema hili hadharani. Nimelisoma mara mbili.

#26 Chapa_Mwendo
Dada #24 heshima yako. Utani wangu nauweka pembeni leo.

#27 Moli_Moja
Nami nina maelezo yangu, na sijaona aliyeyagusa. Mleta uzi kasema mwenyewe: mada zilikuwa zile zile. Hapo ndipo penye mtego. Wiki nne za kwanza mhadhiri anaongea vitu ambavyo masikio yako yanavijua, unasema moyoni "hii nilishasoma", unaacha kuandika. Kumbe kabadilisha ndani yake. Mfano, shule tuliambiwa 4s inajaa elektroni kabla ya 3d, tukashika. Chuo unaulizwa Fe²⁺, chuma iliyopoteza elektroni mbili, ikoje. Mwenye mazoea anatoa elektroni mbili kwenye 3d, kwa kuwa ziliingia mwisho. Makosa. Zinatoka 4s, inabaki 3d⁶. Ukiuliza kwa nini, mazoea hayana jibu.

Waliosoma kwa bidii kidato cha sita ndio wanaoumia zaidi testi ya kwanza. Aliyekuja na wasiwasi anaandika kila kitu.

#28 Komredi_Eldoret
#27 hiyo inaingia. Lakini kwetu Kenya mada nyingi zilikuwa mpya, mazoea tungeyatoa wapi?

#29 Moli_Moja
Hilo sina jibu lake. Labda kila nchi na shimo lake.

#30 Ticha_wa_Maabara
Kabla hamjaenda mbali, mmemsahau ndugu yetu maabara. Nimesimamia maabara za mwaka wa kwanza muda mrefu. Kila Oktoba naona jambo moja: kijana ana A ya karatasi, nampa bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo, anaijaza, anaanza kumimina bila kutoa povu la hewa lililobaki kule chini kwenye ncha. Povu likitoka katikati ya kazi, linahesabiwa kama besi. Anasoma ujazo akiwa amesimama, jicho liko juu ya mstari. Fenolfthalini, kiashiria cha rangi, inakuwa ya zambarau iliyoiva, naye anafurahi kwa kuwa rangi imeonekana vizuri. Ile ni imepita. Inatakiwa pinki hafifu, ya kuitafuta kwa kigae cheupe chini ya chupa, ikae nusu dakika bila kufifia.

Aliyewahi kuitafuta ile pinki anajua tone moja ni kitu. Akirudi kwenye hesabu, 0.05 ya sentimita za ujazo haiandiki ovyo. Ambaye kaiona kwenye picha tu, kwake namba zote ni maandishi.

#31 Dada_Ruvuma
Ticha hapo kwenye povu umenigusa. Ndilo la kwanza ninalomkagua kila anayekuja kwetu mafunzoni.

#32 Mzee_wa_Semina
Binti, umemuuliza yule wa 27 anasomaje? Sisi tunapiga ramli wakati jibu liko chumba cha pili.

#33 Binti_Kilosa
Nimemuuliza leo kantini. Kaona haya kidogo, kisha akanifungulia daftari lake. Hakuna ajabu nililotegemea. Kila mstari wa hesabu ana namba na kipimo chake: gramu, kisha gramu kwa moli, kisha moli, anakata vinavyofutana kwa kalamu nyekundu. Kwenye gesi, pembeni ya R, namba ya kudumu ya gesi, kaandika 8.314 na vipimo vyake, chini yake 0.0821 na vyake, na kaviwekea boksi. Mimi testi ile nilichanganya 8.314 na atimosfia, ndiyo maana chupa ya lita 2 ilinitolea moli 0.0008.

Na mwisho wa kila swali ana mstari mmoja kwa Kiswahili. Kaandika mambo kama "jibu dogo kuliko nilichoingiza, sawa" au "asidi, pH chini ya 7, sawa". Nikamuuliza kwa nini Kiswahili. Akasema anaandika anavyowaza.

#34 Kaka_Tabora
Naomba mstari wa mwisho wa #33 usomwe tena na wote waliobisha.

#35 Hesabu_Kwanza
Na mimi naomba wasome ule wa vipimo vinavyofutana. Hiyo ni hesabu.

#36 Mzee_wa_Semina
Na mimi nasema hakukariri 😀

#37 Binti_Kilosa
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Tuliunda kikundi cha watu saba kama alivyosema Nesi, tunakutana Jumanne na Ijumaa chini ya mwembe karibu na maktaba, jibu mtu hatoi. Testi ya pili nimepata 18/30. Rafiki yangu wa 6 kapata 14. Wawili wa kikundi wameshuka, na walikuwa wanahudhuria kama sisi, sijui niwaambie nini.

Sasa tuko kwenye bafa, mchanganyiko unaozuia pH isibadilike ovyo, na nimekwama. Nimechanganya asidi ya siki na chumvi yake, sawa kwa sawa, pH imetoka 4.76. Nikaongeza maji ujazo ule ule, nikategemea ipande kuelekea 7. Haikusogea. Kwa nini?

#38 Mhandisi_Mtarajiwa
Maji yamepunguza vyote viwili kwa kiasi sawa. Fomula ya bafa inaangalia uwiano wao, na uwiano haujabadilika.

#39 Ticha_wa_Maabara
Sawa #38. Lakini binti, usiishie hapo. Endelea kuongeza maji: mara kumi, mara elfu, mara milioni. Kuna mahali pH itaanza kusogea. Tafuta ni wapi na kwa nini, kisha rudi kwenye swali lako la 10⁻⁸ uone kama hayafanani.

#40 Binti_Kilosa
Nachukua daftari. Ijumaa naliweka mezani.